MSIMAMIZI NA NYAPARA

Barua ziletwazo kwa Katibu wa Chama chetu ni za namna mbili. Za namna ya kwanza ni zile za siku zote: mishahara, posho za safari, likizo, uhamisho na nyumba. Hizo twazijua, na majibu yake twakaribia kuyajua kabla bahasha haijafunguliwa. Lakini ziko za namna ya pili, ambazo zamani zilikuwa chache na sasa zaongezeka, nazo ndizo zilizotufanya tuandike maneno haya. Barua hizo hazisemi neno la fedha. Moja yasema, "Mkubwa wangu hasemi nami ila kwa ukali, tena mbele ya watu." Nyingine yasema, "Nimefanya kazi mwaka mzima pasipo kuambiwa kama nafanya vema au vibaya, kisha nikaletewa hati ya mashtaka." Na katika bahasha ya tatu, pengine iliyotoka ofisi ile ile, twasoma: "Vijana niliopewa hawanisikii, nami sijui niwafanyeje."

Twaomba msomaji ayatazame maneno hayo vizuri. Aliyeandika barua ya pili ni mwanachama wetu, na aliyeandika ya tatu ni mwanachama wetu vile vile. Chama kikimtetea kijana peke yake, kimemwacha mkubwa wake gizani. Kikimtetea mkubwa peke yake, basi kijana atauliza kwa haki, ada yangu ya kila mwezi ni ya nini? Ndiyo sababu jambo hili haliwezi kumalizwa kwa kuandika barua kali kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, kama tulivyozoea kufanya na kama baadhi ya wenzetu wanavyotuhimiza tufanye tena.

Hebu tuangalie jinsi mtu apewavyo cheo cha usimamizi. Karani huajiriwa akiwa kijana, hufundishwa kupokea barua, kuziandika katika daftari, kuzitia katika majalada yake, na kuzitoa upesi zinapotakiwa. Akiwa mwaminifu na hodari, baada ya miaka kadhaa hupandishwa. Siku ya Ijumaa alikuwa akila chakula cha mchana pamoja na wenzake chini ya mwembe mmoja. Siku ya Jumatatu amewekwa juu yao. Hakuna aliyemwambia kwamba kazi yake imegeuka. Yeye adhani kazi ni ile ile, ila mshahara umeongezwa. Basi mmoja huendelea kuandika barua zote kwa mkono wake, maana anajua hakuna aziandikaye vizuri kama yeye, na vijana hukaa wakitazama dirishani. Mwingine huona haya kuwaamuru rafiki zake, akaacha mambo yaende ovyo. Mwingine, ili asionekane mnyonge, huanza kupiga kelele. Njia hizo tatu zote tumeziona hapa Lalago na mahali pengine pa Maswa, na mtu mmoja aweza kuzipita zote tatu katika mwaka mmoja.

Serikali haimpi mtu gari aliendeshe pasipo cheti cha udereva, wala mwuguzi hapewi sindano kabla hajafundishwa mahali pa kuichoma. Lakini mtu hupewa watu kumi kwa barua ya mistari minne.

Labda shida yaanza katika jina lenyewe. Lugha yetu ina maneno mawili kwa mtu aliyewekwa kuangalia kazi za wenzake, nayo hayana maana moja. Liko neno nyapara. Wazee wengi wa Usukuma walilijua neno hili si kwa kulisoma bali kwa kulitumikia, maana zamani za ukoloni vijana wa huku walikwenda kwa maelfu mashamba ya mkonge ya Tanga, na tangu mwaka 1944 ilikuwako ofisi ya wenye mashamba, iliyoitwa SILABU, ambayo kazi yake ilikuwa kuwaandika watu na kuwapeleka huko. Huko mtu alipewa kipande, yaani karatasi yenye nafasi 30 za alama, alama moja kwa kazi ya siku moja. Asiyemaliza kazi aliyopimiwa hakupata alama, na siku isiyo na alama haikuwa na mshahara. Nyapara ndiye aliyetembea kati ya mistari na kuangalia nani amemaliza. Hakutakiwa kumfundisha mtu, wala kumjua, wala kumsemea kwa bwana shamba. Alitakiwa kuona na kusukuma. Kwa kazi ya kukata majani ya mkonge pengine hayo yalitosha, ingawa waliokatwa mikono na miiba wangejibu vingine. Kwa kazi ya kalamu hayatoshi kabisa, kwa kuwa huwezi kumhesabia karani alama kwa kumtazama mgongoni.

Na liko neno msimamizi. Hili lina ukoo mwema zaidi. Bwana arusi ana msimamizi wake, mtu wa kukaa karibu naye siku ile asije akatahayari. Mtoto akibatizwa, ana msimamizi. Mali ya marehemu ina msimamizi wa mirathi, naye aweza kudaiwa hesabu na warithi. Katika hayo yote msimamizi ni mtu asimamaye kwa ajili ya mwingine, naye ataulizwa habari zake. Hatusemi kwamba karani mkuu awe mama wa ubatizo wa tarishi wake. Twasema tu kwamba aliyechagua neno hili litumike maofisini alichagua vizuri, na sisi tumelivaa neno la msimamizi huku tukitenda kazi ya nyapara.

Tena si lazima twende mbali kutafuta mfano mwema. Katika vijiji vya Usukuma, zamani za watemi, walikuwako wakubwa wa namna mbili. Alikuwako ng'wanangwa, aliyewekwa kwa amri ya mtemi, na nguvu zake zilitoka juu. Tena alikuwako nsumba ntale, mkubwa wa vijana, ambaye wanakijiji walimchagua wenyewe, naye hakuhitaji kuwa mtu wa ukoo wa kitemi. Huyu ndiye aliyekusanya elika, yaani kundi la kulima kwa zamu katika shamba la mtu mmoja leo na la mwingine kesho. Mwenye shamba alitoa chakula, na watu walilima pamoja kwa ngoma na nyimbo, jembe zikipanda na kushuka kwa mwendo mmoja. Asiyekuja pasipo sababu alitozwa faini, na faini hiyo ilijulikana kwa wote kabla ya kosa, haikubuniwa baada yake.

Utawala wa watemi uliondolewa kwa sheria mwaka 1963, na nchi ikaendelea kwa njia nyingine. Wala hatuandiki haya kwa kuutamani urudi. Lakini yafaa karani wa leo ajiulize kwa nini nsumba ntale aliweza kuwalimisha watu wengi jua kali pasipo kipande, pasipo hati ya mashtaka, na pasipo mshahara. Twaona sababu zake si za siri. Kila mtu alijua kazi ya leo ni ya shamba gani na itaishia wapi. Kila mtu alijua kwamba zamu yake mwenyewe itafika. Kanuni ilikuwa moja kwa wote. Na mkubwa asiyefaa angeweza kuondolewa na wale wale waliomweka, kwa hiyo alichunga ulimi wake. Katika hayo manne, matatu ya kwanza yamo mikononi mwa msimamizi yeyote wa ofisi, hata kama ofisi yenyewe ni chumba kimoja chenye meza mbili.

Hapa kwetu ni nchi ya pamba, na pamba imetufundisha jambo jingine ambalo si tamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Jimbo la Ziwa walinung'unika sana juu ya mizani za wanunuzi. Paul Bomani na wenzake wakawakusanya wakulima, vyama vikaanzishwa, na mwaka 1955 ukaundwa Muungano wa Vyama vya Ushirika vya Victoria, uliojulikana kwa herufi VFCU. Ilipofika mwaka 1960 vyama vya msingi vilikuwa zaidi ya 300, na Muungano huo ulihesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika vya Waafrika. Ni kazi ya kujivunia, nasi twajivunia. Lakini kila chama cha msingi kilitaka katibu, mtunza fedha, na watu wa mizani; na kila katibu alitakiwa kuwasimamia wengine tangu siku ya kwanza. Watu mamia wakawekwa juu ya watu maelfu kwa haraka kuliko walivyoweza kufundishwa. Chuo cha Ushirika cha Moshi kilianza mwaka 1963, wakati vyama vimekwisha kuenea.

Mwaka 1966 Serikali iliweka kamati maalum kuchunguza habari za ushirika nchini, na katika kasoro zilizoonekana ulikuwamo upungufu wa watu waliofunzwa kazi. Muungano wa Victoria ukatiwa chini ya uangalizi wa Serikali, na mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vyote nchini vilivunjwa. Hatusemi kwamba usimamizi mbaya ndio peke yake ulioleta hayo. Wizi ulikuwamo, na siasa zilikuwamo tele. Lakini mwizi hustawi mahali ambapo msimamizi hajui kazi ya kusimamia. Na mkulima aliyeibiwa kilo tatu hakujali kama aliibiwa kwa ubaya wa moyo au kwa ujinga wa karani asiyefundishwa.

Ndipo tufike kwenye jambo la kufundisha, ambalo kwa maoni yetu ndilo kubwa kuliko yote katika kazi ya msimamizi, na ndilo linalodharauliwa kuliko yote. Wakati wa vita kuu ya pili, viwanda vya Marekani vilijikuta katika hali kama ile ya vyama vyetu: kazi nyingi kwa ghafula, watu wapya wasiojua kitu, na wasimamizi waliopandishwa jana. Serikali yao ikaanzisha mpango wa mafunzo mwaka 1940, ukaendeshwa mpaka mwaka 1945, na zaidi ya watu milioni moja na nusu wakapata vyeti vyake. Japani waliupokea baada ya vita na kuutumia sana. Jambo la ajabu ni udogo wake. Kila somo lilikuwa saa 10 tu, saa mbili mbili kwa siku tano, watu kama kumi katika darasa, na kila mmoja alileta tatizo la kazi yake mwenyewe. Walisema msimamizi ahitaji mambo matano: aijue kazi, ajue madaraka yake, ajue kufundisha, ajue kuitengeneza kazi iwe nyepesi, na ajue kuishi na watu. Mawili ya kwanza hutofautiana ofisi kwa ofisi. Matatu ya mwisho ni ufundi, na ufundi wajifunzwa kama useremala unavyojifunzwa.

Tuchukue kufundisha, na tukuchukue hapa petu. Msimu wa pamba umefika. Kijana amewekwa kwenye mizani ya chama cha msingi. Tangu Serikali ilipoagiza mwaka 2018 kwamba pamba inunuliwe kwa kupitia vyama vya msingi, vijana wengi wamepita katika kazi hiyo, na wengi wao tumeona wakifundishwa hivi: mkubwa hupima magunia mawili matatu upesi upesi, kijana akitazama, kisha husema, "Umeona?" Kijana hujibu, "Nimeona, mzee." Mkubwa huondoka kwenda kunywa chai. Kwa adabu ya kwetu, kijana gani atamjibu mkubwa wake kwamba hakuona?

Njia ya pili yataka nusu saa zaidi. Kwanza, mtulize kijana, umwulize anajua nini tayari. Pengine baba yake ni mkulima naye amekwisha kuona mizani mara mia, hata ile idanganyayo. Pili, mwonyeshe jambo moja moja na sababu yake: mizani isawazishwe ikiwa tupu, kwa sababu mkulima wa kwanza akipunjwa basi wa siku nzima wamepunjwa, uzito wa chombo utolewe, pamba safi isichanganywe na fifi, namba isomwe kwa sauti, na mkulima aione kwa macho yake kabla haijaandikwa katika stakabadhi. Tatu, mwache afanye yeye, naye akueleze kwa maneno yake kwa nini anafanya hivyo. Hapo ndipo utakapojua alichokosa kukishika, maana mikono huweza kuiga huku kichwa kimelala. Akikosa, rudia; usimcheke. Nne, mwache peke yake, ila umwambie ni nani wa kumwuliza akikwama, nawe urudi kumtazama mara nyingi siku ya kwanza, mara chache siku ya pili, na mwishowe usirudi ila kwa salamu.

Mpango ule wa Marekani ulishika neno moja ambalo twapenda wasimamizi wetu walitafakari usiku: mwanafunzi akiwa hajajua, basi huenda mwalimu hajafundisha. Kwetu sisi tuliosoma shule za misheni neno hili ni gumu kumeza, kwa kuwa tulilelewa katika mafundisho ya kwamba mwanafunzi asiyejua amekuwa mvivu, na dawa ya uvivu ilikuwa ikining'inia nyuma ya mlango. Wengine bado wanayo nyuma ya mlango wa ofisi, ingawa sasa ni ya maneno. Hupenda kututajia methali ya samaki mkunje angali mbichi. Methali ni njema. Lakini yasema mkunje, haikusema mpige.

Juu ya kuishi na watu, mafunzo yale yalikuwa na mambo manne ambayo hayagharimu hata senti moja. Mwambie mtu mara kwa mara kazi yake inakwendaje. Msifu anapostahili, tena mapema, kazi ingali ya moto. Mwarifu mabadiliko yanayomhusu kabla hayajafika. Mtu asijue habari ya uhamisho wake kwa kinywa cha mwuza karanga. Na utumie kila akili aliyo nayo, maana liko tarishi moja hapa wilayani ambalo lajua majalada kuliko makarani wawili, na hakuna aliyepata kuliuliza neno. (Tumesema "liko" kwa sababu ya ukubwa wa mwili wake, naye atatusamehe.)

Kuonya nako kuna adabu yake. Kosa dogo lionywe upesi, faraghani, na kwa jina la kosa lenyewe: "Barua ya tarehe tatu ilikaa mezani siku nane," si "Wewe ni mzembe." La kwanza mtu aweza kulirekebisha kesho, la pili hawezi ila kukuchukia. Kabla ya kuamua, sikiliza upande wa pili. Tumepata kujua habari ya kijana aliyeandikwa mtoro kwa siku mbili, naye alikuwa ametumwa kupeleka bahasha wilayani na mkubwa mwingine wa ofisi hiyo hiyo. Kanuni za utumishi zilizowekwa chini ya Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002 zataka mtu ajulishwe mashtaka yake kwa maandishi na apewe nafasi ya kujitetea. Lakini sheria ni mlango wa mwisho. Msimamizi anayekimbilia hati ya mashtaka kabla ya kusema na mtu wake ni kama mganga anayekata mguu kwa sababu ya mwiba. Na yule asiyesema kitu mwaka mzima, akiyaweka makosa yote moyoni mpaka siku moja ayamwage kama ndoo, twamwona mbaya zaidi kuliko mwenye kelele. Mwenye kelele walau hujulikana.

Kwa ajili hiyo twamshauri kila msimamizi awe na daftari dogo, aandike tarehe na jambo, jema na baya. Wanachama watakumbuka fomu za OPRAS, zilizoletwa katika utumishi mwaka 2004. Shabaha yake ilikuwa nzuri: mkubwa na mtumishi wakae pamoja mwanzoni mwa mwaka wapatane kazi zitakazofanywa, watazamane katikati ya mwaka, kisha wapime mwishoni. Je, zilijazwaje? Tuseme kweli: mahali pengi mtumishi alizijaza zote siku moja mwishoni mwa mwaka, pamoja na makubaliano ya miezi 12 iliyopita, na mkubwa akatia sahihi amesimama. Sasa fomu zimekwisha kuhamia katika mtambo wa kompyuta uitwao PEPMIS. Mtambo huo wakumbuka tarehe kuliko sisi, na huo ni msaada. Lakini hauwezi kumwita mtu, ukafunga mlango, ukamwambia kwamba hesabu zake zimeanza kuharibika tangu mke wake augue.

Yuko atakayesema kwamba twapenda upole mno, na kwamba kazi haziendi kwa upole. Kwanza, hatukusema upole. Nsumba ntale alitoza faini. Pili, na akumbuke yaliyotokea nchini baada ya chama cha TANU kutoa Mwongozo wake mwaka 1971, uliokataza kiongozi kuwa na kiburi na dharau. Katika miaka miwili iliyofuata wafanya kazi wa viwanda vingi waligoma, na mara nyingi lalamiko lao kuu halikuwa mshahara bali matusi na dharau ya wakubwa. Mtu avumilia mshahara mdogo kwa muda mrefu wa kushangaza. Dharau haivumilii hata mwezi, na asipogoma kwa mwili hugoma kwa moyo: aja saa moja na nusu, atoka saa tisa na nusu, na katikati hakuna kitu.

Sasa tugeuke upande wa pili wa meza. Ninyi mlio chini, Chama hakikuundwa ili kiwe fimbo ya kuwapigia wakubwa wenu. Wazee waliounda chama cha kwanza cha watumishi Waafrika wa Tanganyika, kule Tanga mwaka 1922, pamoja na Martin Kayamba aliyekuwa karani katika ofisi ya wilaya, hawakukiunda kwa kunung'unika peke yake. Walitaka pia kujiendeleza wao kwa wao, Wakristo na Waislamu katika chumba kimoja. Basi mtu asituletee barua isiyo na jina. Katibu ameagizwa asizifungue mara mbili. Na kabla ya kuleta yenye jina, mtumishi atuambie kama amekwisha kusema na mkubwa wake ana kwa ana, siku gani, na alijibiwaje. Wengi hawajasema. Wamesema na mke, na kinyozi, na kundi zima katika simu, ila si na yule mmoja. Tena yafaa mtu aliyepandishwa juu ya rafiki zake asaidiwe nao miezi ya kwanza, badala ya kupimwa kwa mizaha. Kwa wasimamizi wanawake, ambao siku hizi ni wengi shuleni na zahanati, mizaha hiyo imevuka mpaka mara nyingi, na mwanachama atakayeshtakiwa kwa hayo asitazamie kutetewa na Chama hiki.

Haitoshi kusema. Vyuo viko: Mzumbe palianza mwaka 1953 kuwa shule ya kuwafunza watu wa serikali za mitaa, na leo ni Chuo Kikuu, Chuo cha Utumishi wa Umma kimekuwako tangu mwaka 2000. Lakini nafasi ni chache, na kutoka Lalago hata Morogoro ni mbali kwa mtu ambaye ofisi yake ina watu watatu. Kwa hiyo Halmashauri ya Chama imekubaliana mambo mawili. La kwanza ni kuiomba ofisi ya wilaya kwamba kila anayepewa usimamizi apewe kwa maandishi kazi za cheo chake kipya, na msimamizi mmoja mzoefu wa kumwendea kwa mashauri muda wa miezi mitatu ya kwanza, bila kuhesabiwa kuwa ni mnyonge kwa kuuliza. Ombi hili halitaki fedha, kwa hiyo hatuoni sababu ya kukataliwa. Hata hivyo tumeandika nakala mbili.

La pili ni letu wenyewe. Tutakuwa na jioni tano za kufundishana, saa mbili kila jioni, watu kumi na si zaidi. Wanachama wawili waliopata kusoma Mzumbe wamekubali kutuongoza bila malipo. Jioni ya kwanza ni ya kufundisha kazi, na mizani italetwa darasani. Ya pili na ya tatu ni za kuonya na kusikiliza. Ya nne ni ya kugawa kazi, kwa ajili ya wale wanaoandika barua zote wenyewe. Ya tano ni ya kutunza kumbukumbu za watumishi. Nafasi tano tumewawekea waliopandishwa katika miaka miwili iliyopita, na nafasi mbili vijana ambao bado hawana mtu chini yao, kwa sababu twaona ni heri kujifunza kabla ya kukosa.

Kila atakayekuja aje na kisa kimoja cha kazini kwake, amekiandika katika karatasi moja, pasipo jina la mtu wala la ofisi. Majina yaletwe kwa Katibu kabla ya soko la pamba kufunguliwa. Likisha kufunguliwa, makarani wa mizani hawataonekana tena jioni hata moja mpaka gunia la mwisho limeondoka.